Kisukari na Ateri: Namna Sukari Inavyoharibu Njia za Damu, na Kwa Nini Kuishusha Peke Yake Hakutoshi

Mgonjwa anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari, swali lake la kwanza huwa ni la chakula: nile nini, niache nini? Swali hilo ni la haki, na lina majibu yake. Hata hivyo, madhara yanayofupisha maisha ya wengi wenye kisukari aina ya pili hutokea mahali ambapo mgonjwa hapaoni na pengine hapafikirii, yaani katika kuta za ateri. Ateri ni mishipa inayochukua damu kutoka moyoni na kuipeleka katika viungo vyote. Ikiziba ateri inayolisha moyo, hutokea shambulio la moyo. Ikiziba ya ubongo, hutokea kiharusi. Ikiziba ya mguu, kidonda kidogo hukataa kupona, na mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu.

Uhusiano huu si dhana. Wakazi wa mji wa Framingham nchini Marekani walianza kufuatiliwa afya zao mwaka 1948. Mwaka 1979 watafiti walitoa matokeo ya miaka 20 ya ufuatiliaji huo: wenye kisukari walikuwa katika hatari ya kupata magonjwa ya ateri mara mbili hadi mara tatu zaidi ya wasio nacho. Mambo mawili katika matokeo yale yanastahili kukumbukwa hadi leo. Kwanza, ongezeko la hatari lilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Ile kinga ambayo wanawake huwa nayo dhidi ya maradhi ya moyo kabla ya kukoma hedhi hupungua sana mara kisukari kinapoingia. Pili, miongoni mwa maradhi yaliyoongezeka kwa kiwango kikubwa kabisa ni ugonjwa wa ateri za miguu.

Kwetu Tanzania jambo hili limekuwa la haraka. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita na kuchapishwa mwaka 1989 na Donald McLarty na wenzake ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta takriban asilimia 9 wana kisukari, na takriban robo wana shinikizo kubwa la damu. Tafiti hizo hazikupima watu wa aina moja wala kwa njia moja, lakini mwelekeo hauna shaka. Makala haya yanaeleza namna kisukari kinavyoiharibu ateri, kwa nini uharibifu huo hujificha, na nini kinachoweza kufanywa hata katika zahanati isiyo na vifaa vingi.

Ateri yenye afya

Ukuta wa ateri una matabaka matatu: ala ya nje inayoishikiza ateri mahali pake, tabaka la kati lenye misuli inayoweza kubana na kulegea, na utando wa ndani unaogusana na damu. Utando huo, ambao kitaalamu huitwa endotheliamu, una unene wa seli moja tu, lakini kazi zake ni nyingi. Hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza misuli ya ateri ili damu ipite kwa urahisi. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo. Utando huo pia huzuia damu isigande ovyo, na huchagua kipi kipenye ukutani na kipi kisipenye. Maadamu ni mzima, mafuta ya damu hupita tu. Ukishajeruhiwa, maradhi hupata mlango.

Njia nne za uharibifu

Njia ya kwanza ni sukari yenyewe. Seli za misuli na za mafuta hupokea sukari kwa msaada wa insulini. Insulini ikikosekana au isipofanya kazi, sukari nyingi hubaki nje. Seli za utando wa ndani wa ateri hazina kizuizi hicho. Sukari inapopanda katika damu, hupanda pia ndani ya seli hizo, zitake zisitake. Vinu vyake vya nishati, mitokondria, hulemewa na kuanza kutoa molekuli kali za oksijeni zinazounguza seli na kuiharibu naitriki oksaidi. Ateri hubaki imebana, na utando wake huanza kuwa na nyufa.

Njia ya pili ni sukari kujibandika kwenye protini. Mkate ukiwa ndani ya tanuri hugeuka rangi ya kahawia kwa sababu sukari na protini za unga hushikamana. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza muungano wa aina hiyo mwaka 1912. Mwilini muungano huo hutokea bila tanuri, polepole, na kasi yake hutegemea wingi wa sukari. Kipimo cha HbA1c kimejengwa juu ya jambo hilohilo: hupima sehemu ya himoglobini iliyobandikwa sukari, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kipimo hicho husimulia habari za miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Lakini chembe nyekundu hufa na kuzaliwa nyingine. Protini zinazojenga ukuta wa ateri hudumu kwa miaka, na sukari iliyojibandika huko haibanduki kwa urahisi. Ukuta huwa mgumu na kupoteza mnyumbuko. Hii ni sababu mojawapo inayofanya miaka ya awali ya kisukari kisichodhibitiwa iendelee kudai deni lake hata baada ya sukari kushuka.

Njia ya tatu ni mafuta ya damu. Katika kisukari aina ya pili mwili huwa sugu dhidi ya insulini. Mafuta yaliyohifadhiwa tumboni humwagika katika damu, nalo ini huyageuza kuwa trigliseridi nyingi. Lehemu nzuri hupungua. Lehemu mbaya, yaani LDL, huenda isiongezeke sana katika kipimo, lakini punje zake huwa ndogo na nzito, na hupenya kwa wepesi katika utando uliojeruhiwa. Chembe nyeupe za damu hufuata kuzisafisha, huzimeza hadi kuvimbiwa, kisha hufia humohumo ukutani. Mrundikano huo wa mafuta, mabaki ya seli na kovu ndio tunaouita gamba la mafuta. Mwili huendelea kupigana na gamba hilo kwa mchochota, ambao huzidi kulidhoofisha. Usugu huu dhidi ya insulini hutangulia kisukari kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana wapo watu wanaogunduliwa kuwa na kisukari siku ileile wanapolazwa kwa kiharusi au shambulio la moyo.

Njia ya nne ni kuganda kwa damu. Chembe sahani za mtu mwenye kisukari hunata kupita kiasi, na uwezo wa mwili wa kuyeyusha madonge ya damu hupungua. Gamba la mafuta likipasuka, donge hujengeka juu yake na kuiziba ateri kwa dakika chache. Kwa hiyo ugonjwa uliojengeka kwa miaka 15 huweza kujitokeza asubuhi moja, nao wengi husema umekuja ghafla.

Shinikizo kubwa la damu na sigara huongeza kasi ya njia zote nne. Shinikizo huupiga utando ambao tayari una nyufa, na moshi wa tumbaku huujeruhi upya kila siku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ateri, hata huo ukuta mpya mara nyingi haujengeki.

Kwa nini miguu huathirika sana

Katika mtu asiye na kisukari, ugonjwa wa ateri za miguu hupenda sehemu za nyonga na paja. Katika mwenye kisukari, ugonjwa hupenda ateri nyembamba zilizo chini ya goti, ambazo ni ngumu zaidi kuzibua. Habari njema ni kwamba ateri za wayo wenyewe mara nyingi huwa zimesalimika, na hivyo daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa anaweza, kwa baadhi ya wagonjwa, kupeleka damu huko kwa njia ya mchepuko. Kwa sababu hiyo, mguu usio na mapigo haupaswi kuhukumiwa kukatwa kabla ya mgonjwa kuonwa na mtaalamu.

Pamoja na ateri, kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mgonjwa hupata ganzi, huchomwa na mwiba au msumari bila kujua, huungua kwa maji ya moto au jiko la mkaa bila kushtuka. Jeraha lisilouma halitibiwi. Na pale ateri zinapokuwa zimeziba, damu inayopaswa kuleta chembe za ulinzi na dawa haifiki. Vidudu hushamiri, na donda ndugu hufuata.

Ugonjwa usiopiga kelele

Dalili inayofundishwa vitabuni ni maumivu ya shavu la mguu yanayokuja mtu anapotembea na kwisha anapopumzika. Wengi wenye kisukari hawaipati. Wengine ganzi imewaondolea uwezo wa kuhisi, wengine hutembea kidogo mno kiasi cha kutoidai damu zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa moyo: mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua, akalalamika tu kuishiwa pumzi, kutoka jasho jingi, kichefuchefu au uchovu usioelezeka. Mhudumu anayesubiri maumivu ya kifua ndipo ashuku moyo atawakosa wagonjwa hawa.

Hata kipimo kinaweza kudanganya. Njia ya kawaida ya kuchunguza ateri za miguu ni kupima shinikizo la juu kwenye kifundo cha mguu kwa kifaa kidogo cha Dopla, kisha kuligawanya kwa shinikizo la juu la mkono. Mfano: kifundo 110, mkono 140, jibu ni 0.79. Jibu lililo chini ya 0.90 linaonyesha ugonjwa wa ateri. Lakini katika kisukari cha muda mrefu madini ya kalsiamu hujaa katika tabaka la kati la ateri hadi ateri ikawa kama bomba lisilominyika. Mkanda wa kipimo hushindwa kuibana, na jibu hupanda kupita 1.40. Jibu hilo la juu halimaanishi afya bora. Linamaanisha ateri imekuwa ngumu, na uchunguzi uendelee kwa njia nyingine, kama vile kupima shinikizo la kidole gumba cha mguu.

Tafiti zinafundisha nini kuhusu tiba

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 56, mwenye kisukari kwa miaka minane. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ni 6.8. Anapongezwa, anapewa dawa zake, anarudi nyumbani. Katika kadi yake shinikizo la damu limeandikwa 158/94, lehemu haijawahi kupimwa, na hakuna aliyemvua viatu. Je, mama huyu anaendelea vizuri? Jibu la tafiti ni hapana.

Utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kwa kifupi UKPDS uliandikisha wagonjwa wapya 5,102 wa kisukari aina ya pili kuanzia mwaka 1977, na matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 1998. Waliodhibitiwa sukari kwa makini walipunguziwa madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25. Kwa ateri kubwa, manufaa yalikuwa madogo zaidi: mashambulio ya moyo yalipungua kwa asilimia 16, kiasi ambacho kitakwimu hakikutosha kuondoa shaka. Katika sehemu ya pili ya utafiti huohuo, waliodhibitiwa shinikizo la damu hadi wastani wa 144/82, wakilinganishwa na waliobaki kwenye 154/87, walipunguziwa kiharusi kwa asilimia 44. Tofauti ya milimita 10 za zebaki ilifanya kazi hiyo. Wagonjwa wenye uzito uliozidi waliotumia metformini walipata mashambulio ya moyo pungufu kwa asilimia 39.

Matokeo haya hayana maana kwamba sukari ipuuzwe. Wagonjwa hao walipofuatiliwa miaka kumi zaidi, waliodhibitiwa sukari mapema walionekana kuwa na mashambulio machache ya moyo, na safari hii tofauti ilikuwa bayana. Funzo ni kwamba faida ya sukari kwa ateri kubwa huja polepole na huwaendea walioanza mapema. Wala kuishusha mno hakuna heri. Mwaka 2008 utafiti uitwao ACCORD huko Marekani na Kanada, wenye washiriki 10,251, ulilazimika kusitisha sehemu yake ya kushusha HbA1c chini ya asilimia 6, kwa kuwa vifo viliongezeka katika kundi hilo. Kwa wengi, lengo la takriban asilimia 7 linatosha. Kwa wazee na wenye maradhi mengine, lilegezwe.

Kuhusu lehemu, utafiti wa CARDS uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa atovastatini ya miligramu 10 wagonjwa wa kisukari wasiokuwa na ugonjwa wa moyo na ambao LDL yao haikuwa juu. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliyefikisha miaka 40 kwa kawaida hustahili statini hata kama lehemu yake ni ya wastani, isipokuwa mjamzito au mwenye sababu nyingine ya kitabibu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka Denmark. Katika utafiti wa Steno-2, wagonjwa 160 waliokuwa na protini kidogo katika mkojo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya wakati huo. Jingine lilitibiwa sukari, shinikizo na lehemu kwa pamoja, huku likisaidiwa kuhusu chakula, mazoezi na kuacha sigara. Baada ya takriban miaka minane, matukio ya moyo na mishipa, ikiwemo kukatwa miguu, yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Walipofuatiliwa hadi miaka 21, kundi lililotibiwa kwa pamoja lilikuwa limeishi wastani wa takriban miaka minane zaidi. Dawa zilizotumika kwa sehemu kubwa ni za kawaida: metformini, insulini, dawa za shinikizo, statini na aspirini.

Kwa mhudumu wa afya

Kila mgonjwa wa kisukari anapohudhuria kliniki, pima shinikizo la damu kwa uangalifu, akiwa ameketi na kupumzika. Lengo kwa wengi ni chini ya 140/90, na chini ya 130/80 kwa wanaoweza kulistahimili. Muulize kuhusu sigara kila mara, na umsaidie kuacha. Mpe au mwombee statini ikiwa anastahili. Aspirini ibaki kwa wale ambao tayari wamepata shambulio la moyo, kiharusi kisicho cha kuvuja damu au ugonjwa wa ateri za miguu wenye dalili. Kuigawa kwa kila mgonjwa huleta hatari ya kutokwa damu.

Angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye ganzi au aliyewahi kupata kidonda, mvue viatu na soksi. Tazama katikati ya vidole na visigino. Pima hisia kwa uzi wa monofilamenti wa gramu 10. Kisha papasa mapigo mawili: moja juu ya wayo, jingine nyuma ya jicho la ndani la mguu. Kwa baadhi ya watu wenye afya mpigo wa juu ya wayo hausikiki, hivyo usihukumu kwa huo pekee. Yote mawili yakikosekana, mpe rufaa. Joto la wayo lisikupumbaze, kwani mishipa ya fahamu iliyoharibika huweza kuuacha mguu ukiwa na joto ilhali damu haitoshi. Pima pia protini ya mkojo: kuvuja kwake ni ishara kwamba utando wa mishipa umeanza kulegea mwilini kote. Kidonda chenye harufu, wekundu unaosambaa au weusi ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa na familia yake

Ndugu msomaji, fahamu namba zako tatu: sukari, shinikizo la damu na lehemu. Uliza kila moja iko wapi na inapaswa kuwa wapi. Usiache dawa ya shinikizo au statini kwa sababu unajisikia vizuri. Dawa hizo hazikusudii kuondoa maumivu, zinalinda ukuta wa ateri ambao haumi. Tembea kila siku kadiri uwezavyo, kwani misuli inayofanya kazi huichukua sukari na kuamsha njia mpya za damu. Kama unavuta sigara, kuacha ni tiba kubwa kuliko vidonge vingi.

Tazama nyayo zako kila jioni, au mwombe mwanao akutazamie. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kandambili hazilindi vidole wala visigino. Viatu vilivyofunika, visivyobana, ni bora. Usiloweke miguu katika maji ya moto, wala usikate sugu kwa wembe. Kagua ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kukivaa.

Nenda hospitali bila kusubiri kesho ukipata uzito wa kifua, kuishiwa pumzi au jasho jingi bila sababu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito. Mguu ukipoa ghafla, ukabadilika rangi au ukaanza kuuma hata umelala.

Hitimisho

Kisukari ni ugonjwa wa sukari kwa jina na kwa kipimo, lakini kwa madhara ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Sukari, shinikizo, lehemu na moshi wa tumbaku hushirikiana kuiharibu ateri, na tiba inayogusa kimoja tu huviacha vingine vikiendelea na kazi yao. Mkanda wa shinikizo upo katika zahanati nyingi, na kupapasa mapigo ya mguu hakuhitaji zaidi ya vidole viwili na dakika moja. Kwa yule mama wa miaka 56, dakika hiyo moja pamoja na kidonge cha shinikizo vinaweza kuamua kama miaka kumi ijayo atakuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe.